Waliwezaje kuingiza jumba zima ndani ya kilobaiti 64?

Swali: «Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kompyuta, niko Tanga. Nimeweka ScummVM, programu ya kuchezea michezo ya zamani, kwenye simu nikacheza Maniac Mansion, lile toleo la kompyuta ya zamani ya Commodore 64, kwa sababu kila mtu anasema michezo ya kubofya na kuchekesha imezaliwa pale. Nimecheka sana, lakini nimekwama mara mbili na sijui nilikosea wapi. Naomba kujua waliwezaje kuingiza mambo yote yale kwenye mashine ndogo kiasi kile. Na je, naweza kutunga mchezo wa namna hii kwa Kiswahili usisomeke kama tafsiri?»

Marahaba, mdogo wangu. Maswali yako yanaonekana mengi, lakini yote yanarudi kwenye uamuzi mmoja waliofanya wale watu, na uamuzi huo utakusaidia wewe kuliko orodha yoyote ya mbinu nitakayokupa. Nianze walikoanzia.

Ron Gilbert aliajiriwa mwaka 1985 na Lucasfilm Games, kitengo cha michezo cha kampuni ya George Lucas huko California. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuhamishia mchezo wa wenzake kwenye Commodore 64. Hapo akakutana na mchoraji Gary Winnick, na wote wawili walikuwa wapenzi wa filamu za kutisha za bei rahisi, zile ambazo vijana wanaingia jumba baya usiku na watazamaji wanapiga kelele wasiingie. Wakabuni jumba, wakabuni familia ya Edison inayokaa humo, akiwamo Nesi Edna na mwanawe Ed, wakabuni vijana wa kuingia. Walichokosa ni namna ya kuuchezesha.

Sikukuu moja ya Krismasi Gilbert akiwa kwa ndugu zake alimwona binamu yake wa miaka minane akicheza King's Quest. Ule ulikuwa mchezo wa picha, lakini amri zake ulizichapa kwa kibodi. Hebu fikiria adha yake. Kitu unakiona kwa macho yako pale kwenye skrini, halafu unabaki kubahatisha mtunzi alikiita jina gani: kichaka au mti, jiwe au mwamba. Ukikosea jina, mchezo unakwambia haukuelewi. Gilbert alipenda kuwa na picha, lakini hakuona sababu ya kumwambia mtu achape jina la kitu anachoweza kukinyooshea kidole.

Basi wakavitoa vitenzi kichwani mwa mchezaji na kuvipanga chini ya skrini. Vilikuwa 15: sukuma, vuta, mpe, fungua, funga, soma, nenda, chukua, tumia, washa, zima, tengeneza na vinginevyo. Unabofya kitenzi, unabofya kitu, sentensi inajijenga mbele yako. Umeshayaona mwenyewe: Dave, kijana mkuu wa mchezo, na wenzake wawili wamesimama nje ya jumba, mlango umefungwa, na ukibofya «vuta» kisha kizulia cha mlangoni, ufunguo unaonekana chini yake. Hakuna aliyekufundisha. Umejaribu tu, kama mtoto yeyote angejaribu.

Sasa mashine. Commodore 64 iliingia sokoni mwaka 1982 ikiwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64, kichakataji cha kama megahezi moja, na rangi 16 basi. Diski laini iliyotumika ilibeba takriban kilobaiti 170 kila upande. Picha moja uliyopiga leo kwa simu yako ni kubwa mara nyingi kuliko diski hiyo. Na humo ndani wakaweka jumba lenye ghorofa, jiko, maktaba, chumba cha kufanyia mazoezi, bwawa la kuogelea, mtambo wa nyuklia chini ya nyumba, na vijana saba wa kuchagua.

Upande wa picha hakuna miujiza. Vyumba havikuhifadhiwa kama picha nzima. Vilijengwa kwa vigae vidogo vya nukta nane kwa nane, kigae kimoja kikirudiwa mara nyingi, kama fundi anavyofunika ukuta mzima kwa aina tatu za vigae. Watu ni spraiti, yaani vile vipande vya picha ambavyo mashine yenyewe inajua kuvisogeza juu ya mandhari. Spraiti za Commodore ni ndogo mno, kwa hiyo Winnick akawachora wale vijana wenye vichwa vikubwa ili sura zitambulike. Kichwa kikubwa juu ya mwili mdogo tayari kinachekesha kabla mtu hajasema neno. Huo ni mfano mzuri wa ufinyu wa chombo kugeuka kuwa mtindo, na mpaka leo watu wanaiga vichwa vile bila kujua vilitokana na nini.

Lakini kilichonifanya niuheshimu mchezo huu kwa dhati ni kingine. Gilbert alianza kuuandika kwa lugha ya mashine moja kwa moja, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule. Akaona haiwezekani. Kila kichekesho, kila droo inayofunguka, kila neno la Nesi Edna lingehitaji msimbo wake wa chini kabisa, na kosa moja dogo lingeangusha kila kitu. Kwa msaada wa mwenzake Chip Morningstar, aliyeweka msingi wa kikusanyaji, yaani programu ya kugeuza maandishi ya mtunzi kuwa msimbo, akatengeneza lugha ndogo ya kuandikia mchezo wenyewe. Wakaiita SCUMM, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya chombo cha kuundia skripti za Maniac Mansion. Aric Wilmunder naye akaikuza sana miaka iliyofuata.

Maana yake ni hii. Kwenye skripti unaandika kwa maneno ya kawaida kabisa: huyu atembee hadi mlango wa maabara, huyu aseme hivi, subiri amalize, kisha zima taa. Kikusanyaji kinageuza maneno hayo kuwa tarakimu fupi fupi, na ndani ya Commodore kuna injini inayosoma tarakimu hizo na kuzitekeleza. Tarakimu hizo zinachukua nafasi ndogo kuliko msimbo kamili, ndiyo maana jumba lote lilitosha. Tena skripti nyingi zinaendeshwa kwa zamu: hii inafanya kidogo, inapisha nyingine, inarudi. Kwa hiyo wakati wewe unapekua maktaba, saa inagonga, Edna anakwenda zake kwenye friji, na mjumbe wa posta yuko njiani na kifurushi cha Ed. Nyumba ina maisha yake hata usipoigusa. Nenda kapige kengele ya mlango uone nani anashuka.

David Fox aliitwa kusaidia kuandika skripti hizo kwa mwezi mmoja hivi, akaishia kukaa miezi sita. Namwelewa kabisa. Ukiwa na chombo ambacho kinakuruhusu kuandika mzaha asubuhi na kuuona unafanya kazi mchana, huondoki. Hapo ndipo jibu langu la kwanza lilipo: vichekesho vya Maniac Mansion ni vingi kwa sababu kuongeza kimoja kulikuwa rahisi. Mtunzi anayelipa siku tatu za kazi kwa kila jibu la kuchekesha ataandika majibu kumi na kuchoka. Anayelipa dakika kumi ataandika mpaka jibu la mtu aliyejaribu kusukuma friji.

Na tazama jinsi mzaha wenyewe unavyofanya kazi. Hauko kwenye maneno peke yake, uko kwenye kitendo chako. Chukua ule mfano unaojulikana kuliko yote. Chumbani kwa Ed kuna hamsta, kile kipanya cha kufugwa. Jikoni kuna maikrowevu. Mchezo haukwambii chochote. Ukimchagua Dave, atakataa. Ukiwa na Syd au Razor, vijana wengine wa kuchagua, hamsta anaingia, mlango unafungwa, unawasha, na hamsta analipuka. Mpaka hapo ni ukorofi wa kitoto. Kichekesho kinakuja baadaye, ukimpelekea Ed kile kilichobaki: Ed anamuua kijana wako, na uwanjani linaongezeka kaburi. Hakuna aliyekutuma. Umelipanga tukio lote kwa mikono yako mwenyewe, hatua tatu, na watunzi walikuwa wameshakaa pale mwishoni wakikusubiri.

Mchezo ulipohamishiwa kwenye mashine ya Nintendo mwaka 1990, Douglas Crockford, ambaye baadaye aliujulisha ulimwengu umbizo la JSON unalolitumia darasani, ndiye aliyeshughulikia masharti ya kusafisha maudhui. Sanamu ya mtu uchi iliondolewa, maneno kadhaa yakabadilishwa, hata jina SCUMM halikutakiwa lionekane, kwa kuwa kwa Kiingereza linasikika kama neno la kutukana. Hamsta akapita bila kuonekana. Nintendo walipokuja kugundua, waliagiza aondolewe kwenye matoleo ya baadaye. Wakaguzi walikuwa wamesoma maneno yote na kutazama picha zote, lakini mzaha haukuwa kwenye neno wala kwenye picha. Ulikuwa kati ya vyumba viwili, ukingoja mchezaji auunganishe.

Sasa kukwama kwako. Hukuniambia umekwama wapi, lakini nitakisia mojawapo: bahasha. Ndani ya kasha la chuma mle jumbani kuna bahasha iliyobandikwa, na mtu yeyote mwenye akili timamu ataifungua. Ukiifungua kwa mkono inachanika, na baadhi ya njia za kumaliza mchezo zinaihitaji ikiwa nzima. Ilipaswa kulegezwa gundi kwa mvuke, kwa maikrowevu ile ile, pamoja na maji. Ukishaichana, njia hiyo imekufa na mchezo haukwambii. Utaendelea kuzunguka saa nzima ukitafuta kitu ambacho ulikwisha kukiharibu.

Hukukosea. Hilo ni kosa la mchezo, nami nalisema wazi ingawa naupenda. Gilbert mwenyewe alilikiri kwa vitendo: mwaka 1989 aliandika makala ya kukosoa michezo ya aina hii kwa kuwanasa wachezaji pasipo haki, na mwaka 1990 ukatoka The Secret of Monkey Island, ambao karibu haiwezekani kufa wala kukwama ndani yake. Lakini kumbuka walichokuwa wakikijaribu mwaka 1987. Unachagua vijana wawili kati ya sita wa kufuatana na Dave, na kila mmoja ana ujuzi wake: Bernard anatengeneza simu na redio, Michael anasafisha picha, Wendy ni mwandishi, Syd na Razor ni wanamuziki. Kila kundi lina njia yake ya kumaliza. Kwenye njia moja kimondo cha zambarau, ambacho ndicho chanzo cha uovu wote mle ndani, kinarushwa angani kwa gari. Kwenye nyingine polisi wa vimondo wanakuja kukikamata. Na kwa Wendy, kimondo kinapata mchapishaji wa kitabu cha maisha yake na kuacha ujambazi. Ukijenga njia nyingi kiasi hicho, kuziba kila shimo ni kazi kubwa mno kwa watu wachache. Cheza na Bernard, Syd na Dave, tunza bahasha, na uhifadhi mchezo wako mara kwa mara kwenye nafasi tofauti.

Twende kwenye swali lako la mwisho, ambalo ndilo limenifanya nikujibu kwa urefu. Inawezekana kutunga kwa Kiswahili, na ukikaa vizuri utaona Kiswahili kinakudai ujenge upya mambo ambayo Kiingereza kiliyaficha.

Anza na vitenzi. Watu wa Lucasfilm walihitaji kitenzi kimoja cha kufungua mlango na kingine cha kufungua kufuli. Kwetu vyote ni «fungua». Usitafute neno la pili kwa nguvu. Acha kimoja, na mchezo uangalie kama mchezaji ana ufunguo. Wenyewe walipunguza pia, na kufikia Day of the Tentacle, mchezo ulioendeleza huu, mwaka 1993 vitenzi vilikuwa tisa tu.

Kisha mpangilio wa sentensi. Kwao mchezaji anabofya kitenzi cha kutoa, anabofya tunda, halafu anabofya mpokeaji. Sentensi yao inafuata mpangilio huo. Sisi tunasema «Mpe mnyiri tunda» (mnyiri ni yule kiumbe wa mle jumbani aliye kama mkono wa pweza): anayepewa anatangulia. Ukiacha mpangilio wao utapata «Mpe tunda mnyiri», na msomaji atadhani tunda ndilo linalopewa mnyiri. Geuza mpangilio wa kubofya. Vivyo hivyo usiseme «Tumia ufunguo na mlango». Hakuna mtu Tanga anayesema hivyo. Mchezaji akigusa ufunguo na mlango, mstari uandike «Fungua mlango kwa ufunguo».

Halafu kuna ngeli, na hapa ndipo tafsiri nyingi zinapoanguka. Injini ya aina hii huwa na jibu moja la jumla kwa kila kitu kisichofunguka. Kwa Kiingereza jibu hilo linafaa kwa kila kitu duniani. Kwa Kiswahili, mlango umefungwa, kabati limefungwa, kisanduku kimefungwa, nyumba imefungwa. Ukiweka «imefungwa» kwa vyote, mchezaji atasikia mashine inaongea, na mzaha umekwisha. Una njia mbili. Ya kwanza: kila kitu unapokiandikisha kwenye mchezo, mpe nafasi ya ngeli yake, na jibu lichukue kiambishi hapo. Ni kazi ya jioni moja kwa mtu wa darasa lako. Ya pili ni ujanja wa lugha yenyewe: andika «Hapafunguki». Mlango, kabati, kisanduku, vyote ni mahali unapojaribu mkono wako, na «pa» inavibeba vyote bila kulalamika. Mimi ningetumia njia zote mbili, «Hapafunguki» kwa jibu la jumla, na jibu lenye ngeli kwa vitu vinavyostahili kusemwa zaidi.

Na vitu hivyo ndivyo hazina yako. Usiniletee jumba la Marekani lenye kimondo. Nipe jiko la nyumba ya uani, lenye friji linalovuma, kabati la vyombo vya wageni lisilofunguliwa mpaka Idi, na mbuzi ya kukunia nazi pale sakafuni. Mchezaji akibofya «sukuma» na mbuzi, kijana wako ajibu: «Huyu hasukumwi. Hukaliwa.» Akibofya «mpe» na mbuzi kisha majani aliyookota nje: «Huyu hali majani. Tangu anunuliwe ni nazi tu.» Akibofya «chukua»: «Bibi akirudi asipomkuta mbuzi wake, mimi ndiye nitakayekuna nazi kwa meno.» Mzaha huo hauwezi kutokea kwa Kiingereza, kwa sababu kwa Kiingereza kikunio si mnyama. Na ukiwa umeweka ngeli kwenye orodha ya vitu, unaweza kumpa mbuzi huyu ngeli ya viumbe hai kwa makusudi, ili hata majibu ya jumla yaseme «hafunguki» na «hawashwi». Mchezaji makini ataligundua hilo mwenyewe na kucheka peke yake.

Kabla ya kugusa kompyuta, fanya walivyofanya Gilbert na Winnick. Waliuchora mpango wa jumba kwenye karatasi wakaufanya ubao wa mchezo, matukio na wahusika wakawa kadi, na mistari ikaunganisha vyumba. Juu yake walilaza vipande vya plastiki angavu kufuatilia kitu gani kinafanya kazi na kitu gani. Wewe chukua karatasi moja, jiko moja, vitu sita. Vitenzi tisa mara vitu sita ni majibu 54. Yaandike yote kwa mkono, hata yale ya kijinga. Mkabidhi mtu wa nyumbani ile karatasi ya jiko, yeye ataje kitenzi na kitu, wewe usome jibu. Anapocheka, weka alama. Anapojaribu kitu ambacho hukukiandikia jibu, na atajaribu ndani ya dakika mbili, kiandike palepale.

Ukishafika majibu hayo 54, nitumie karatasi hiyo. Napenda kuona umempa nani yule mbuzi.